Vishikwambi vya Tanga: miezi 15 bila mwalimu, na nani hasa aliyefundisha

Mwishoni mwa 2017, katika vijiji 170 hivi vya Mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000 walikabidhiwa kila mmoja kishikwambi cha Google aina ya Pixel C. Wengi wao hawakuwa shuleni. Hawakupewa mwalimu wala darasa, na hakuna aliyewapangia waanze na somo lipi. Ndani ya kifaa kulikuwa na programu ya Kiswahili ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Kazi ya mtoto ilikuwa kubonyeza, kusikiliza na kujaribu. Baada ya miezi 15 walipimwa. Mei 2019, mjini Los Angeles, timu mbili kati ya zilizotengeneza programu hizo zilitangazwa kuwa washindi wa pamoja wa shindano la Global Learning XPRIZE na kugawana dola milioni 10.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaokisimulia kama ushindi wa teknolojia, na wapo wanaoguna kwamba matajiri wamekuja kuwafanyia majaribio watoto wa watu. Ugomvi huo nauacha kwa wenyewe. Ninataka kukitazama kama ambavyo angekitazama mwalimu mkuu mwenye vishikwambi vichache kabatini, anayejiuliza avifanyie nini. Ukikitazama kwa macho yake, sehemu yenye faida kubwa zaidi ni ile ambayo haikuwekewa zawadi.

Wazo lilikotoka

Chanzo chake kiko Ethiopia. Mwaka 2012 Nicholas Negroponte, mwanzilishi wa mradi wa One Laptop per Child, alisimulia jinsi walivyopeleka maboksi ya tableti za Motorola katika vijiji viwili visivyo na shule, wakayaacha bila maelekezo yoyote. Kwa maelezo yake, haikupita dakika tano mtoto mmoja akawa ameshafungua boksi na kukiona kitufe cha kuwashia. Baada ya miezi kadhaa watoto walikuwa wakiimba alfabeti ya Kiingereza, na kamera iliyokuwa imezimwa ilikuwa imeshawashwa. Hadithi tamu, ikasafiri haraka. Ila kuimba a-b-c ni jambo moja na kusoma ni jambo jingine, na kwa wakosoaji hapo hapakuwa na ushahidi wa kutosha.

Matt Keller, aliyefanya kazi katika mradi huo, ndiye aliyekuja kuongoza shindano la Global Learning XPRIZE lililozinduliwa Septemba 2014. XPRIZE ni taasisi ya Marekani inayotangaza tatizo, kisha inamzawadia atakayelitatua. Wengi waliisikia mara ya kwanza 2004 ilipotoa dola milioni 10 kwa chombo cha watu binafsi kilichofika anga za juu. Safari hii fungu lilikuwa dola milioni 15, zilizotolewa na Elon Musk. Masharti yalikuwa mafupi: tengeneza programu ya Android itakayomwezesha mtoto kujifundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu ndani ya miezi 15, ifanye kazi pasipo intaneti, na msimbo wake, yaani maandishi ya kompyuta yanayoiunda programu, uwekwe wazi ili yeyote autumie.

Timu karibu 200 kutoka nchi 40 ziliwasilisha kazi zao. Septemba 2017 zilibaki tano, kila moja ikapewa dola milioni 1: CCI ya New York, Chimple ya Bangalore, Kitkit School ya kampuni ya Enuma yenye mizizi Berkeley na Seoul, onebillion ya London, na RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) wakawa wenyeji wa jaribio. Google ikatoa vifaa.

Zote tano zilitakiwa zizungumze Kiswahili, na hapo kuna mambo mawili yanayovutana. Kwa upande mmoja Kiswahili kinampunguzia kazi mtengenezaji wa programu. Mtoto akishika ba-be-bi-bo-bu na ma-me-mi-mo-mu, siku hiyohiyo anaweza kusoma "baba", "bibi" na "mama" bila kubahatisha, kwa sababu silabi ikiandikwa hivi inasomwa hivyohivyo kila mahali. Mtoto anayeanza kwa Kiingereza hana bahati hiyo. Kwa upande wa pili, vijiji vya Tanga havilali na Kiswahili tu. Milimani ni Kisambaa, Handeni na Kilindi ni Kizigua na Kimasai, kuelekea Mkinga ni Kidigo, Muheza ni Kibondei. Kwa baadhi ya watoto sauti iliyotoka kwenye kishikwambi ilikuwa ya lugha ya gulioni na ya ofisi ya kijiji, wanayoielewa lakini hawakuachishiwa nayo ziwa. RoboTutor walijitwika mzigo mzito zaidi: programu yao ilitakiwa kumsikiliza mtoto anaposoma kwa sauti na kutambua amesoma nini.

Siku ya kawaida ya kishikwambi

Kishikwambi kilikuwa cha mtoto. Alikwenda nacho nyumbani, akalala nacho, akakitumia saa anayotaka, au saa ambayo maji, kuni, mbuzi na mdogo wake mgongoni vilimruhusu. Tusisahau kwamba hao ni watoto wa kati ya miaka 7 na 11 ambao, kwa taarifa za waandaaji, asilimia 74 hawakuwahi kuhudhuria shule kabisa, ingawa ada ya shule ya msingi ya serikali haikuwapo na tangu Januari 2016 hata michango ya lazima ilikuwa imepigwa marufuku. Umbali, sare na kazi za nyumbani havifutwi kwa waraka.

Umeme ulikuwa tatizo la kwanza. WFP ikaweka vijijini vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Na kila kijiji kikawa na mlezi wa mpango, aghalabu mama wa hapohapo, ambaye aliandaliwa mapema. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha vifaa vinachajiwa, vinatunzwa, na watoto wanahimizwa kuvitumia. Kufundisha hakukuwa kazi yake. Angefundisha, jaribio lingeharibika, maana swali la shindano lilikuwa kama mtoto anaweza peke yake.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Pixel C ilipoingia sokoni mwishoni mwa 2015 iliuzwa kuanzia dola 499. Inachajiwa kwa tundu la USB-C, ambalo leo liko kila mahali, lakini 2017 simu za bei nafuu zilizojaa vijijini zilikuwa za micro-USB au za ile pini nyembamba ya Nokia. Maana yake, hata kijiji chenye kibanda cha kuchaji simu, ungetafuta sana waya unaoingia kwenye kifaa hiki. Mtoto hakuwa na njia nyingine ila kurudi kituoni. Na akirudi, anawakuta wenzake nao wamerudi.

Basi kifaa kilichobuniwa kwa mtoto mmoja, na programu iliyobuniwa kwa mtoto mmoja, vilimlazimisha mtoto huyo kwenda mahali pamoja na wenzake mara kwa mara, chini ya jicho la mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina. Hakuna aliyeandika hilo kwenye msimbo. Lilitokana na betri. Lakini aliyekulia kijijini anajua kwamba watoto wakisubiri jambo kwa pamoja hawasubiri kimya. Atakuwapo wa kuuliza "wewe umefika wapi?", atakuwapo wa kujigamba, na atakuwapo wa kumnyang'anya mwenzake kifaa amwonyeshe "hapa unabonyeza hivi". Jambo hilo kwenye vitabu vya ualimu tunaliita jamii ya kujifunza, na tunaliandalia semina.

Na mama mlezi? Kwenye karatasi alikuwa mtunza kituo. Jaribu sasa kumwondoa. Kioo kikipasuka, mtoto amwendee nani? Kaka mkubwa akikichukua kifaa aangalizie picha, nani atakifuata? Baba akisema kitu hiki kitampoteza binti yake, nani atakaa naye barazani amweleze, tena kwa Kizigua? Programu haina jibu hata moja kati ya hayo. Kwa hiyo ninapoambiwa watoto wa Tanga walijifunza "bila mwalimu", nakubali kwa maana ya kwamba hakuna aliyeshika chaki. Bila mtu mzima wa kuwajibika kwao, hapana.

Nusu

Matokeo yaliyotangazwa ni haya. Kabla ya jaribio asilimia 80 ya watoto walielezwa kuwa hawajawahi kusomewa kitu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Katika hesabu, programu zote tano zilileta maendeleo, na wasichana walifaidika sawa na wavulana. Kitkit School na onebillion zilikaribiana mno, zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa pasu kwa pasu.

Nusu hiyo isomwe kwa pande zote mbili. Katika kila watoto mia, tisini na kitu hawakuweza kusoma neno. Mwishoni wakabaki arobaini na kitu. Kwa watoto ambao mbadala wao ulikuwa kukosa kabisa, hayo ni mavuno makubwa, na anayeyabeza ajiulize yeye amepeleka nini Kilindi. Hata hivyo arobaini na kitu ni wengi. Walikuwa na kifaa kilekile, jua lilelile, miezi ileile. Na kusoma neno moja bado ni mlangoni tu. Kusoma aya na kuielewa ni safari nyingine, na si wote waliofika huko.

Kwa nini wengine walivuka na wengine wakabaki? Tofauti za programu zinaeleza sehemu. Mimi ningeanza kutafuta jibu vijijini kabla ya kwenda Berkeley au London: kituo kilikuwa umbali gani na nyumba ya mtoto, mlezi alikuwa na muda kiasi gani, nyumbani kulikuwa na ndugu anayejua kusoma au hapana. Shindano halikuundwa kujibu hayo, kwa kuwa fedha zilikuwa zikiishindanisha programu na programu.

Kuna jambo lingine ambalo kipimo hakikuweza kuliona. Watoto walipimwa kwa mitihani ya aina inayotumika sana katika nchi zetu kupima KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu): mtoto mmoja anakaa na mpimaji mmoja, anaonyeshwa silabi, anaonyeshwa maneno, anasoma, anajibu, anapewa alama. Kipimo kizuri kwa kazi yake. Lakini mtoto aliyewafundisha wadogo zake watatu silabi za m, n na p alipata alama sawa na aliyejifunza peke yake akanyamaza. Wadogo zake hawakuhesabiwa kabisa.

Ndipo linapokuja suala la stadi za kesho, maneno ambayo siku hizi hayakosekani kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Ukiuliza ni stadi zipi, utatajiwa ushirikiano, kufikiri kwa kina, ubunifu, mawasiliano. Sasa chukua programu yoyote kati ya tano zile uiangalie. Mtoto anagusa picha, anasikia neno, anafuatisha herufi kwa kidole, anachagua jibu, akikosa anarudia bila kuchekwa. Hilo la kukosea bila kuchekwa ni zuri sana. Darasa letu la watoto 90 haliwezi kumpa kila mmoja. Ila ushirikiano haukuwa kiini chake. Mazoezi yalilenga mtoto mmoja na kioo chake. Programu haikujengwa ili imwambie "mweleze mwenzako kwa nini". Aliyejifunza kueleza, kuuliza na kusikiliza alijifunzia kwenye kituo cha sola, kati ya mti na nyaya.

Tulishawahi kufanya hivi, kwa redio

Tanzania ina uzoefu wake katika jambo hili, na nashangaa haukumbukwi kila tunapozungumzia teknolojia na elimu. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Teknolojia yake ilikuwa redio. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kujisomea nchi nzima kwa wiki 12: wanasikiliza kipindi, wanafungua kijitabu, wanajadili, kisha wanakwenda kufanya. Walichimba vyoo, wakafyeka vichaka karibu na nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu.

Angalia nguvu ilielekezwa wapi. Redio hazikugawiwa kila mtu moja. Kilichoandaliwa kwa jasho ni viongozi wa vikundi, kama 75,000, ambao walipewa mafunzo kwa ngazi, kutoka taifa hadi kijijini, kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa hapo anayejua kusoma, aliyefundishwa kuuliza maswali baada ya redio kuzimwa. Sauti ilitoka Dar es Salaam, mjadala ulitoka kwa wanakikundi wenyewe.

Ukiweka Mtu ni Afya na vishikwambi vya Tanga sambamba, utaona mama mlezi wa 2017 ni ndugu wa damu wa kiongozi wa kikundi wa 1973, isipokuwa mama huyu aliambiwa asifundishe. Kifaa chake ni bora mara elfu. Nafasi aliyopewa ni ndogo zaidi.

Programu ileile, ndani ya shule

Kilichofuata Malawi kinaonyesha waliokaa karibu na kazi hii walielewa hivyo pia. Onebillion hawakuanzia Tanga. Programu yao ya Kichewa ilijaribiwa Lilongwe tangu 2013, shuleni. Mwaka 2022 serikali ya Malawi na shirika la Imagine Worldwide walianza mpango unaoitwa BEFIT, wenye lengo la kufikisha vishikwambi vyenye programu ya onebillion katika shule zote za msingi za umma, darasa la 1 hadi la 4.

Mpangilio wake umegeuza ule wa Tanga nje-ndani. Kishikwambi ni cha shule, na hakitoki shuleni. Kuna chumba, kuna sola juu ya paa, kuna mahali pa kufungia. Watoto wanaingia kwa zamu, darasa baada ya darasa, na mwalimu yumo, anatembea kati yao. Mtoto mmoja bado anashika kifaa kimoja wakati wa zamu yake, lakini kifaa hicho kinahudumia wengi kwa siku, hivyo gharama kwa kila mtoto inashuka sana. Na mwalimu anayemwona mtoto amekwama kwenye zoezi moja wiki nzima anaweza kulichukua zoezi hilo ubaoni.

Tukiwa huko huko, tuitazame Kenya kwa haraka, kwa sababu inatoa funzo la upande wa pili. Ahadi ya kampeni za 2013 ilikuwa kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya awali ilifutwa, utekelezaji ukaanza 2016, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vilifika katika shule za umma zaidi ya 21,000. Kama usambazaji, ni kazi kubwa mno. Lakini katika shule nyingi vifaa viliishia kufungiwa stoo, kwa hofu ya wizi, kwa kukosa umeme wa uhakika, kwa mwalimu kutojua aviingize wapi kwenye ratiba. Kenya ilipata vifaa kabla ya kupata mlezi. Jaribio la Tanga, ambalo halikuwa hata na shule ndani yake, lilimpata mlezi siku ya kwanza.

Kabatini kwa mwalimu mkuu

Turudi kwa yule mwalimu mkuu. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu wa shule za serikali. Tuseme shule yake ya msingi ina walimu 12, hivyo vishikwambi 12. Darasa la pili lina watoto 60. Hesabu inatoa watoto watano kwa kishikwambi kimoja, na hapo wengi hukata tamaa, wakidai teknolojia haiwezekani mpaka serikali ilete vingine.

Mimi naona watano kwa kimoja kinaweza kuwa bora kuliko mmoja kwa kimoja, kwa sharti kwamba usitumie programu ilivyokusudiwa. Yale mazoezi ya kugusa na kuchagua yaache. Watano wakigombea kidole kimoja, mwenye nguvu atabonyeza na wanne watatazama. Chukua hadithi fupi yenye picha, iweke kwenye kioo, mmoja asome ukurasa kwa sauti, wa pili aeleze kilichotokea, wa tatu aulize swali, wa nne aandike kwenye daftari neno jipya, wa tano ashike kifaa na kufungua ukurasa unaofuata. Kila ukurasa wanabadilishana. Aliye dhaifu anasoma baada ya kuwasikia wenzake wakisoma kurasa mbili tatu, na hiyo tayari ni ngazi ya kupandia. Mwalimu anazunguka vikundi 12 badala ya kusimama mbele ya watoto 60.

Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuwa mafundi wa mpango: kuchaji, kufuta vumbi, kuandika kwenye daftari la zamu kifaa namba ngapi kimekwenda kikundi gani na kimerudi na asilimia ngapi ya chaji, kugundua kwamba namba 7 kinaisha chaji upesi na kutoa taarifa. Ukitaka stadi za kesho, hizo hapo, na hazihitaji mtaala mpya. Mtoto wa miaka 12 anayeweza kumweleza mwalimu kifaa kina tatizo gani, amejaribu nini na kimeshindikana wapi, ana kitu ambacho waajiri wanakitafuta kwa watu wenye shahada.

Vikwazo vipo, na si vya kifalsafa. Kishikwambi kimesainiwa na mwalimu kwa jina lake. Kikivunjika mikononi mwa watoto, yeye ndiye atakayeulizwa, na mwenye akili timamu atakificha mkobani. Mpaka mamlaka iliyo juu yake iandike kwa maneno mepesi kwamba kuharibika kwa matumizi ya darasani si kosa la mwalimu, tusimlaumu. Pili, msimbo wa programu zile tano uko wazi na ni bure, pamoja na Kiswahili chake, lakini ulitengenezwa kwa Android ya wakati ule na kwa kioo cha Pixel C. Programu ya 2018 inaweza kukataa kufunguka kwenye kifaa cha leo, na atahitajika kijana anayejua kuijenga upya. Vijana hao wapo vyuoni Dodoma, Mbeya na Dar es Salaam, wanatafuta miradi ya mwaka wa mwisho. Hakuna anayewatuma huku.

Tatu ni mlezi, na hapa pana fedha. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo zinazofika shuleni ni Sh 6,000, nyingine zikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 500 inapata Sh milioni 3 kwa mwaka mzima, za chaki, mitihani, ukarabati, michezo na utawala. Humo hakuna posho ya mtu wa kufungua chumba saa moja asubuhi na kukifunga saa kumi na moja jioni, wala ya betri ya sola ikichoka baada ya miaka michache. Tanga fungu hilo lilikuwapo kwa sababu wafadhili waliliweka kama gharama ya kuendesha jaribio. Jaribio lilipokwisha, lilikwisha nalo, na hakuna mahali pa kulipakua kama msimbo.

Kwa hiyo kamati ya shule ikikaa kuandika maombi ya vishikwambi 40, ianze na ukurasa wa mlezi: ni nani, anakaa wapi, atalipwa nini na kutoka fungu lipi, na asipokuwapo ufunguo unabaki kwa nani. Kama ukurasa huo haujazwi, ombi libadilishwe. Liombwe posho ya mwaka mmoja na vifaa vitano.